Maji Ndani ya Taa ya Pikipiki Si Jambo Dogo

Asubuhi moja ya masika, hapa Chukwani, itazame pikipiki yako, ya mwanao, au ya jirani. Tazama kioo cha taa ya mbele. Huenda utaona ukungu ndani yake. Huenda utaona matone ya maji. Wengi wetu tukiona hivyo husema, "Si neno, taa inawaka." Mimi nasema ni neno. Kuwaka ni jambo moja, na kumulika njia ni jambo jingine.

Nitakueleza kwa nini nasema hivyo. Masika moja nilikuwa nikitoka darasani usiku. Taa ya pikipiki yangu ilikuwa na maji kwa wiki mbili. Niliyaona, nikayaacha. Mbele yangu alikuwa akitembea mzee mmoja wa darasa letu. Alivaa koti jeusi, na daftari lake lilikuwa kwapani. Nilimwona akiwa karibu sana. Nilikata pembeni, nikaanguka kwenye majani. Mzee hakuumia. Alinisaidia kuiinua pikipiki, kisha akaniuliza, "Maalim, mie nimekuona tangu kule mbali. Wewe hukuniona?"

Sikuwa na jibu. Kosa halikuwa la mzee, wala halikuwa la mvua. Kosa lilikuwa langu.

MAJI HUTOKA WAPI?

Hewa ina unyevu. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na hasa wakati wa masika, tangu Machi hadi Mei. Hewa ya moto hubeba unyevu mwingi kuliko hewa ya baridi. Hewa hiyo ikigusa kitu cha baridi, unyevu hugeuka maji. Haya umeyaona jikoni. Funua sufuria ya wali. Kifuniko kina matone kwa ndani. Nani amekimwagia maji? Hakuna.

Taa nayo ni hivyo hivyo. Globu ikiwaka, hewa ya ndani hupata moto, hutanuka, na nyingine hutoka nje. Ukiizima, hewa hupoa na kupungua. Hapo taa huvuta hewa ya nje pamoja na unyevu wake. Ni kama taa inapumua. Mvua ikipiga kioo, au usiku ukiwa na baridi, unyevu hugeuka maji juu ya kioo.

Basi tusichanganye mambo mawili. Ukungu mwembamba, unaoondoka baada ya taa kuwaka kwa muda, ni jambo la kawaida. Lakini matone makubwa, au maji yaliyotuama chini ya kioo, ni ishara ya ubovu. Maji yamepata njia ya kuingia.

HATARI YAKE

Tufanye hesabu kidogo. Ukiendesha kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, unakwenda mita 40,000 kwa sekunde 3,600. Gawa. Utapata mita 11 kwa kila sekunde. Mpaka uone, ushike breki, na pikipiki isimame, unahitaji mita 20 au zaidi. Barabara ikiwa na maji, unahitaji zaidi tena. Sasa, kama taa yako inakuonyesha mita 15 tu, utamwona mtu wakati umeshachelewa.

Tena matone hutawanya mwanga. Mwanga mwingine hupanda juu, ukampiga machoni mtu anayekuja mbele yako. Naye haoni.

Na sisi tunakaa karibu na bahari. Unyevu wetu una chumvi. Chumvi hula waya na vyuma. Huharibu pia lile bakuli linalong'aa ndani ya taa, ambalo kazi yake ni kurudisha mwanga mbele. Bakuli likishababuka, hata globu mpya haitakusaidia.

TUSIFANYE HAYA

Wapo wanaopaka gundi taa nzima, kila upenyo. Mimi sikubaliani nao. Unyevu uliomo ndani hubaki ndani, na taa haipumui tena. Taa nyingi zina kitundu au kimpira kidogo cha kupumulia, nyuma au chini. Kitundu hicho si ubovu.

Wapo pia wanaotoboa kioo ili maji yatoke. Panapotoka maji, mvua na vumbi huingia.

Wengine huosha pikipiki kwa maji ya nguvu na kuielekeza bomba kwenye taa. Taa ikiwa ya moto, maji hayo huipoza ghafla, nayo huvuta maji ndani. Iache ipoe kwanza, kisha ifute kwa kitambaa kibichi.

TUFANYE HIVI

1. Zima taa, iache ipoe. Fungua skrubu, itoe taa, na chomoa waya zake taratibu.

2. Toa mpira wa nyuma, kisha toa globu. Usishike kioo cha globu kwa vidole. Mafuta ya mkono huiharibu.

3. Mwaga maji. Iweke taa mahali pakavu penye upepo, uso wake ukiwa chini, hadi ikauke kabisa. Usiielekeze kwenye jua kali. Lile bakuli hukusanya jua na laweza kuunguza.

4. Usilisugue bakuli kwa kitambaa wala mchanga. Litababuka.

5. Tafuta ufa kwenye kioo. Tazama mpira wa nyuma. Kama umepasuka au umekuwa mgumu, nunua mwingine. Ufa mdogo uzibe kwa gundi isiyopitisha maji, taa ikiwa imeshakauka.

6. Tazama kitundu cha kupumulia. Kama kimezibwa na tope au wadudu, kisafishe.

Wenye globu za LED wajue jambo moja. Globu hizo hazipeleki joto jingi kwenye kioo kama zile za zamani. Kwa hiyo ukungu huchelewa kuondoka. Kwao mpira mzima una kazi kubwa zaidi.

Ndugu msomaji, wahenga wamesema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ni kweli. Lakini taa ina ufa, na pia ina pumzi. Ziba ufa, acha pumzi.

Kazi hii ni ya asubuhi moja. Pengine gharama yake ni mpira mmoja tu. Usiku, barabarani, wapo watoto wanaotoka chuoni, wapo wazee wanaotoka kuswali, wapo mama zetu wenye mizigo kichwani. Wao hawana taa. Wanategemea yako.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini kifuniko cha sufuria huwa na matone kwa ndani?

2. Ukungu wa kawaida na maji ya ubovu vinatofautianaje?

3. Ukienda mita 11 kwa sekunde, utakwenda mita ngapi kwa sekunde 3?

4. Anayekwenda kwa miguu usiku afanye nini ili aonekane?

5. Leo ukirudi nyumbani, tazama taa moja ya pikipiki. Andika sentensi tatu juu ya ulichokiona.