Kuhamia Dodoma: Ni Nani Aliyeulizwa Nyumbani?

Barua ya uhamisho huandikwa kwa jina la mtu mmoja, lakini hakuna barua nyingine, ukiondoa ile ya posa, inayowagusa watu wengi nyumbani kama hiyo. Juma hili tungependa kuzungumza na wale walioipokea na wale wanaoitazamia. Tunazungumza pia na wale ambao hawakuandikiwa na mtu yeyote, ila wanawaona wenzao wakifunga virago kwenda Dodoma, nao wanajiuliza kama wawafuate au wabaki Dar es Salaam.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na ilitarajiwa kazi hiyo itimie katika miaka 10. Watu wakazaliwa, wakasoma, wakaajiriwa, na wizara nyingi zikawa zingali ufukweni. Bunge lilihamishia vikao vyake Dodoma mwaka 1996. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba sasa Serikali nzima itahama. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangulia Septemba mwaka huo huo, na Rais mwenyewe akafuata Oktoba 2019. Katikati ya hayo, mwaka 2018, Dodoma ikapewa hadhi ya jiji, na Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba.

Miaka ile mingi ya kungojea ilizaa mazoea ambayo hayajatutoka. Mtu alikwenda Dodoma kama mgeni: akalala nyumba ya wageni, akamaliza kikao, na Ijumaa akarudi kwake. Leo hakuna tena sababu ya kuishi hivyo, lakini wapo wengi wanaoishi hivyo.

Tuchukue mfano wa karani wa wizara mwenye mke na watoto watatu, wapangaji wa Mbagala. Barua imefika. Mke ana genge la mboga na dagaa ambalo, kusema kweli, ndilo linalowavusha tarehe za mwisho wa mwezi. Mume anasema: "Wacha niende kwanza nikatazame hali." Anapanga chumba Nkuhungu, ananunua godoro, sufuria moja na jiko. Mwezi wa kwanza unapita, kisha wa sita, kisha mwaka. Hali imekwisha kutazamwa siku nyingi, wala hakuna aliyesema neno. Pango ni mara mbili, umeme mara mbili, mkaa mara mbili. Mtoto wa mwisho ameanza kumwita baba yake "mgeni" kwa mzaha, na mzaha huo mama haucheki.

Treni ya umeme, iliyoanza safari kati ya miji hiyo miwili Julai 2024, imeifanya njia ya kilomita 450 hivi kuwa safari ya saa nne hivi au pungufu. Ni neema kubwa. Lakini neema hiyo hiyo imerahisisha kuahirisha uamuzi. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima. Anayekwenda na kurudi kila mwisho wa juma, kwa kiwango hicho, hutumia shilingi 248,000 kwa majuma manne. Fedha hiyo ingelipa sehemu kubwa ya pango la nyumba ambayo wote wangelala chini ya paa moja.

Hatusemi kila familia ihame kesho. Mke wa karani wetu ana hoja nzito. Wateja hawafungwi kwenye sanduku. Kuna waliokopa dagaa watakaolipa mwisho wa mwezi, na zamu yake ya upatu inakaribia. Mtoto wa kwanza yuko Darasa la Saba, na mtihani wake ni Septemba. Sababu hizi zina mwisho wake, na ndiyo maana tunazipenda: upatu utapokewa, mtihani utafanywa, madeni yatakusanywa. Basi na itajwe tarehe. Uamuzi wa kubaki nao ni uamuzi halali, maadamu umezungumzwa mezani na wote wawili, na mume akaomba anachoweza kuomba kazini kwake. Unaotuogofya ni ule ambao hakuna aliyeufanya.

Mkiamua kwenda, mjue mwendako. Uwanda wa kati una msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni upepo na vumbi. Jiji liko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai utawafundisha watu wa Pwani maana ya blanketi. Visima vya Mzakwe vimebeba mji huu kwa muda mrefu, lakini sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956, na ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya chumba, uliza maji hutoka siku zipi. Nazi haioti pale. Mlenda na ugali wa uwele vinangoja kujifunzwa, na zabibu watoto watazizoea bila kufundishwa.

Anayefikiria kiwanja asimwamini dalali kwa maneno. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wakazi waliijua kama CDA, ilivunjwa mwaka 2017 baada ya miaka mingi ya malalamiko ya ardhi, na kazi zake zikaenda kwa halmashauri. Nenda ofisi ya ardhi ya jiji kwanza. Kumbuka pia kwamba mahali pengi palipopimwa viwanja palikuwa mashamba ya Wagogo. Jifunze kuwaamkia kwa "mbukwenyi".

Kwa mfanyabiashara asiye na barua, tuna neno moja tu. Bunge la bajeti hukaa Aprili hadi Juni, na miezi hiyo mji hujaa. Usiupime mji kwa Juni. Kaautazame Agosti, uhesabu sahani zinazouzwa mchana, ndipo ulipie fremu.

Tumesema habari ya karani mwanamume, lakini barua nyingi siku hizi zina majina ya akina mama. Kumfuata mwenzi ni sababu inayofahamika katika maombi ya uhamisho, wala fomu haisemi ni mke tu anayefuata. Mume anayeona haya kumfuata mkewe Dodoma na atueleze, ugali wa watoto pale Mbagala atausonga nani siku za Jumatatu hadi Ijumaa?