Kadi ya kompyuta ijaribiwe kabla ya kuvuka mpaka

Biashara ya kompyuta zilizotumika inawalisha watu wengi Bujumbura. Mashine za ofisi, nyingi zikiwa Dell OptiPlex na HP, zinaingia kwa njia ya Dar es Salaam au Nairobi, na baadhi zinaendelea Gatumba hadi Uvira. Wanunuzi wake sasa wana skrini pana na televisheni: mwenye banda la mpira, mwenye studio ya picha, shule yenye projekta. Wanataka picha safi, na wafanyabiashara wanawaletea kadi za grafiki za bei ya chini. Tatizo ni kwamba wengi wanazichagua kwa kuangalia gigabaiti zilizoandikwa kwenye boksi.

Hesabu yake ni nyepesi. Picha moja inayojaza skrini ya 1920 kwa 1080 inahitaji takriban megabaiti 8 tu. Kwa kuonyesha mpira au filamu, kadi ya gigabaiti 4 haina faida juu ya kadi ya gigabaiti 1 yenye chipu ileile. GeForce GT 730, kwa mfano, imeuzwa kwa jina hilo moja ikiwa na memori ya DDR3 au ya GDDR5, ambayo ni ya kasi zaidi. Anayelipia gigabaiti bila kuuliza aina ya memori anaweza kulipa zaidi na kupata kadi iliyo nyuma.

Jambo la kwanza kuuliza ni kama kadi inahitajika kweli. OptiPlex 7010, ya mwaka 2012, ina matundu mawili ya DisplayPort nyuma yake, na yanatoa picha ya HD bila kadi yoyote. Mteja wa mashine kama hiyo anahitaji kebo ya DisplayPort kwenda HDMI. Mfanyabiashara anayemwambia hivyo anakosa faida ya kadi moja, lakini mteja huyo atarudi na kuleta wenzake.

Kama kadi inahitajika, kwanza kuna umbo. Kompyuta nyembamba za ofisi zinapokea kadi fupi tu, na bati fupi la kufungia lazima liwe ndani ya boksi. Kisha kuna umeme. Tundu la kadi hutoa wati 75 kwa juu kabisa, na pawa saplai za mashine hizi mara nyingi hazina waya wa ziada. GT 710 hutumia wati 19 na GT 1030 wati 30, kwa hiyo zote zinafaa.

Tofauti yao iko kwenye kazi. GT 710 inatosha kwa HD ya kawaida, na nyingi zina tundu la VGA kwa projekta za zamani. GT 1030 inacheza video za 4K za HEVC na VP9 bila kukwama, lakini haitoi VGA. Mwenye projekta ya VGA akiuziwa GT 1030 atahitaji kibadilishi kingine. Na kama sura za watu kwenye skrini pana zinaonekana zimevutwa kwa upande, kadi isilaumiwe haraka: huenda draiva haijawekwa au vipimo vya skrini havijarekebishwa.

Hatari kubwa zaidi ni kadi bandia. Zipo kadi zenye chipu ya zamani kama GTS 450 zilizobadilishwa ndani ili kompyuta izitambue kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z hugundua nyingi kati ya hizo kwa dakika chache.

Dakika hizo zina thamani kubwa kwa mfanyabiashara wa Burundi. Kutoka Kariakoo hadi Bujumbura ni zaidi ya kilomita 1,400. Dola iliyonunulia mzigo ni adimu, na nauli ya kurudisha kadi moja mbovu inaweza kuzidi bei yake. Cheti Rahisi cha Uasili, kinachowasaidia wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Kadi iliyotengenezwa China haimo, hata ikinunuliwa Dar es Salaam.

Watasema wengine kwamba mteja mwenyewe ndiye anayedai gigabaiti, na duka likikataa jirani atamuuzia. Ni kweli, lakini jirani huyo ndiye atakayegombana na mteja wiki ijayo. Burundi imo ndani ya Jumuiya tangu 2007, na bado dhamana ya duka haijajifunza kuvuka Kobero. Mpaka siku hiyo ifike, wanunuzi wa mzigo wawabane wauzaji wa Kariakoo na Nairobi: kadi iwashwe kwenye skrini mbele ya mnunuzi, na risiti iandike jina la chipu na aina ya memori. Asiyekubali masharti hayo asipewe dola.