Gugumaji halitaisha kwa kung'olewa tu

Ukitazama Bwawa la Nairobi kutoka upande wa Lang'ata, unaweza kudhani ni uwanja wa mpira. Kijani tupu! Lakini usithubutu kukanyaga, chini ya majani yale kuna maji. Bwawa hilo lilijengwa 1953 liwe akiba ya maji ya jiji, na zamani watu walikuwa wakishindana pale kwa mashua za tanga.

Kila baada ya muda tunaletewa picha zilezile: mheshimiwa amevaa gambuti, vijana wameshika reki, magugu yamerundikwa ukingoni. Poa. Vijana wenzetu wanapata riziki, na hiyo si dhambi. Ila ukirudi baada ya miezi kadhaa, utakuta kijani kimerudi.

Kwani shida ni nini? Gugumaji, mmea wa asili ya Amerika Kusini, likishiba huongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Mbegu zake hukaa kwenye tope hata miaka 20 zikingoja nafasi. Na linashiba nini? Uchafu wetu. Mto Motoine, unaolisha bwawa, unapita kando ya Kibra, ambako nyumba nyingi hazijaunganishwa na bomba la majitaka. Tusiwalaumu wakazi. Mtu asiyewekewa bomba, choo chake kitamwaga wapi?

Waulize watu wa Kisumu. Miaka ya 1990, Ziwa Victoria lilipofunikwa, waliletwa fukusi wanaotafuna gugumaji, na kufikia mwisho wa mwongo huo sehemu kubwa ilikuwa imepungua. Mbona likarudi? Kwa sababu mito iliendelea kuteremsha majitaka na mbolea ya mashambani. Ukimfukuza mgeni huku unaendelea kumpakulia chakula, ataondoka kweli?

Sisemi tuache kung'oa. Tung'oe, tena magugu yapelekwe mbali na maji, yasirudishwe na mvua. Lakini kung'oa bila kuziba majitaka ni kutwanga maji kwenye kinu, na kinu chenyewe kinanunuliwa kwa ushuru wetu.

Kwa hivyo 2027 wakija mtaani kuomba kura na picha za reki, tusipige makofi haraka. Tuwaulize swali moja tu: bomba la majitaka limefika wapi?