Wasomi wa Miungu: Kisasili, Historia na Kiburi cha Wahakiki katika Ulimwengu wa Glorantha

Hapana utanzu uliowahi kuingia katika idara za fasihi za Afrika Mashariki bila kubishiwa mlangoni. Fasihi simulizi yenyewe, ambayo leo hapana mtahini anayethubutu kuiacha nje ya silabasi, ilihitaji waraka wa mwaka 1968 wa Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong mjini Nairobi ili ipewe kiti katikati ya ukumbi. Inashangaza, basi, kwamba warithi wa ushindi ule ndio wanaosikika wakicheka unapotajwa mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, hususan ule unaochezwa katika ulimwengu wa kubuni wenye miungu, madola na kalenda yake wenyewe. Kicheko hicho hakitokani na uhakiki bali na uvivu, na kinaficha kosa la kinadharia ambalo lina madhara hata kwa wale wasiokusudia kamwe kurusha dadu.

Mchezo wenyewe ni mwepesi kuuelezea. Watu wachache huketi wakizunguka meza. Mmoja wao, mwongozaji, husimulia mahali na matukio, na kuwasemea wote wasio na msemaji. Wengine, kila mmoja huvaa nafsi ya mhusika mmoja, akanena na kutenda kwa niaba yake. Na pale ambapo tendo laweza kufaulu au kushindwa, dadu huamua. Hapana mswada wa kukariri. Hapana hadhira iliyojitenga na fanani. Kisa hakikuwapo kabla ya kikao, na kikao kikiisha hubaki katika kumbukumbu za waliohudhuria. Mhakiki aliyefunzwa kuipima fasihi simulizi kwa utendaji, mahali, wakati na hadhira atapata taabu kubwa kueleza ni sifa ipi inayokosekana hapa.

Wapinzani hawakosi hoja. Kisasili, wanasema, ni mali ya jamii. Huzaliwa na imani na kulelewa na vizazi. Visasili vya mchezo vilibuniwa na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, vikachapwa, vikauzwa dukani. Kuviita visasili ni kulivunjia neno hilo heshima. Hoja hii si ya kupuuzwa, lakini imejengwa juu ya dhana kwamba kisasili hutambulikana kwa asili yake badala ya kazi yake. Kazi ya kisasili ni kuamua: nani anastahili kutawala, nani ni mwenyeji wa ardhi na nani ni mzamiaji, kisasi kipi ni halali na kipi ni uhaini. Ulimwengu wa kubuni unaoionyesha kazi hiyo ikifanyika una la kumfunza msomi wa visasili, hata kama hapana mtu anayeswali ndani yake.

Ulimwengu huo ni Glorantha. Muasisi wake, Mmarekani Greg Stafford (1948–2018), alianza kuuandika mwaka 1966 akiwa mwanafunzi wa Chuo cha Beloit, jimbo la Wisconsin. Mwaka 1975 aliunda kampuni ya Chaosium na kutoa mchezo wa vita wa ubaoni ulioitwa White Bear and Red Moon; mwaka 1978 ukafuata RuneQuest, ambao kanuni zake ziliandikwa na Steve Perrin na wenzake. Upya wa kazi hii hudhihirika inapolinganishwa na mchezo uliotangulia na kupata umaarufu zaidi, Dungeons & Dragons wa 1974. Wachapishaji wa mchezo huo walichapa mwaka 1980 kitabu cha Deities & Demigods, ambamo miungu ya Wagiriki, Wahindi, Wachina na watu wa Skandinavia iliorodheshwa, kila mmoja na idadi ya alama zake za uhai, kana kwamba Zeus ni fahali mnadani. Afrika nzima iliwakilishwa na Misri ya kale peke yake. Kama kipo cha kuchekwa katika michezo hii, ni hicho.

Stafford alishika njia nyingine. Katika Cults of Prax, kitabu cha mwaka 1979, suala la nguvu za mungu halikutangulia. Lililotangulia ni waumini: ni akina nani, wanaamini nini kuhusu kifo, wanakatazwa nini, ni marafiki wa nani na maadui wa nani. Kila dhehebu lilifunguliwa kwa sehemu iliyoweka kisasili na historia chini ya kichwa kimoja. Mpangilio huo ni msimamo wa kinadharia. Unakataa kwamba kisasili ni historia iliyooza, na vilevile unakataa kwamba historia ni kisasili kilichotakaswa.

Uzito wa msimamo huo unaonekana katika kisa kinachoushikilia ulimwengu wote wa Glorantha. Orlanth, mungu wa dhoruba, alimuua Yelm, mfalme wa Jua. Giza likatanda, maangamizi yakaingia, na Orlanth akashuka kuzimu pamoja na wenzake Waleta Nuru ili kulirejesha Jua. Patano lililofungwa huko ndilo lililoanzisha Wakati: kabla yake kulikuwa na zama za miungu, ambamo matendo hayana tarehe, baada yake ni zama za wanadamu, ambamo miungu haiwezi tena kutenda itakavyo. Hadi hapo kisa ni kimoja. Lakini kwa Waorlanthi wa milimani, aliyeuawa alikuwa dhalimu, na aliyeua alikuwa shujaa aliyekuwa na ujasiri wa kurekebisha kosa lake. Kwa watu wa Dara Happa, wenye miji na makaizari, aliyeuawa alikuwa mwenye haki, na aliyeua ni mwasi ambaye kuwako kwake tu ni ushahidi kwamba milimani hakuna sheria. Mkutano wa kuzimu, ambao upande mmoja unausimulia kama usuluhishi wa walio sawa, upande wa pili unausoma kama kusalimu amri.

Hapana kitabu cha Glorantha kinachoweza kuumaliza ugomvi huu pasipo kuuharibu ulimwengu wenyewe, kwa kuwa ugomvi huo ndio siasa yake. Dola la Mwezi lilipoiteka nchi ya Sartar mwaka 1602 wa kalenda yao, na kuiangusha ngome ya Whitewall mwaka 1621, halikutosheka na kupata kodi. Lilitangaza kwamba Orlanth amekufa. Upepo ukakoma na majira ya baridi yasiyo ya kawaida yakaikumba nchi iliyotekwa. Mchezaji anayevaa nafsi ya mkulima wa Sartar hawezi kusema kwamba dini ni jambo moja na utawala wa kigeni ni jambo jingine. Anayeitawala nchi hujaribu kukitawala kisasili chake, na anayeasi hana budi kukirudia kisasili hicho na kukitenda upya. Ni vitabu vingapi vya nadharia ya ukoloni vilivyolieleza jambo hili kwa uwazi wa aina hiyo?

Mfano mkubwa zaidi, hata hivyo, ni wa wale wanaoitwa Wasomi wa Miungu. Hawa, katika enzi ya pili ya Glorantha, walikuwa watawala wa dola la baharini waliosafiri nchi zote wakikusanya visasili. Walivilinganisha, wakaondoa walichokiona kuwa nyongeza za wenyeji, wakapata kisasili kimoja kilichodaiwa kuwa mama wa vyote. Hawakuishia hapo. Maadamu miungu ya nafaka ya nchi mbili ilikuwa, kwa hesabu zao, mungu mmoja mwenye majina mawili, waliamua kuthibitisha nadharia kwa kubadilishana waabudiwa. Mazao yakafa na njaa ikawala watu. Mwishowe dola lao likaangamia, baadhi ya ardhi zake zikazama, na merikebu zikakatazwa bahari.

Ni wazi ni nani anayelengwa na kisa hiki. Mwaka 1949 Joseph Campbell alichapa The Hero with a Thousand Faces, akidai kwamba safari za mashujaa wote duniani ni safari moja. Neno alilolitumia kuitaja safari hiyo ndilo neno lile lile ambalo vitabu vya Glorantha vinalitumia kuutaja muhtasari wa Wasomi wa Miungu. Stafford alinufaika sana na Campbell, na bado aliwapa wanafunzi wa mbinu hiyo nafasi ya wahalifu. Kinaya hakiishii hapo: msomaji mgeni wa Glorantha kwa kawaida hukaribishwa kwa muhtasari huo huo, kwa hiyo huingia katika ulimwengu huo akiwa Msomi wa Miungu pasipo kujua, na itambidi ajifunze kuacha kuwa mmoja wao.

Msomi wa Nairobi au Kampala anayeona jambo hili kuwa geni amesahau urithi wake. Mwaka 1970 Okot p'Bitek, katika African Religions in Western Scholarship, aliwashutumu wamisionari na wanaanthropolojia kwa kuivika miungu ya Kiafrika majoho ya Kigiriki, wala hakuwasaza wasomi Waafrika, John Mbiti akiwamo, walioendelea kuishona nguo hiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba mungu anayefasiriwa upya ili afanane na Mungu wa mtafiti si mungu wa watu wale tena. Tofauti ni kwamba Okot aliandika tasnifu yenye hasira, ilhali mchezo unamweka mtu mezani na kumwachia avune matunda ya kulinganisha kwake.

Ushahidi wa pili unahusu historia. King of Sartar, kilichotoka mwaka 1992, si riwaya wala si kitabu cha kanuni. Ni mkusanyo wa hati za kubuni zinazomhusu Argrath, mkombozi wa Sartar, zilizopangwa na wasomi wa zama za baadaye ambao wamezipata zikiwa pungufu na zinazopingana. Tarehe haziafikiani, na hata suala la kama Argrath alikuwa mtu mmoja au zaidi halipati jibu. Wapo waliokiona kitabu hiki kuwa kazi isiyokamilika. Mtu aliyewahi kuishughulikia tarihi ya Pate hawezi kusema hivyo. Tarihi hiyo imetufikia katika matoleo kadhaa yasiyokubaliana. Nakala ya asili inasemekana iliangamia Waingereza walipoishambulia Witu mwaka 1890. Na Marina Tolmacheva alipoyaweka matoleo hayo pamoja mwaka 1993, faida ya kazi yake haikuwa kulipata lililo sahihi, bali kuonyesha yanapoachana. Ndivyo ilivyo kwa Fumo Liyongo, ambaye wataalamu wamemtupa huku na huko katika karne nyingi. Swali la aliishi lini limekula karatasi nyingi kuliko swali la nani alihitaji awe ameishi wakati huo.

Kusema haya si kuutakasa mchezo. Glorantha ni bidhaa. Aliyeibuni alichota kwa wingi katika dini za watu wengine, zikiwamo za waganga wanaosafiri katika ulimwengu wa mizimu, ambazo yeye mwenyewe alizifuata kwa moyo. Watu waliochotewa hawakuketi mezani. Fauka ya hayo, mchezaji aliyemlilia Orlanth jioni huamka asubuhi akaenda kazini, ambapo mtu ambaye kisasili chake kimepigwa marufuku na serikali halisi hana asubuhi ya namna hiyo. Mhakiki anayeisahau tofauti hii atakuwa anacheza tu.

Hata hivyo, lawama kali zaidi iwaendee baadhi ya wapenzi wa mchezo wenyewe. Tangu zamani watunzi wa Glorantha wameshikilia kanuni kwamba Glorantha ya kila meza itatofautiana na ya meza nyingine. Kanuni hiyo ndiyo uhai wa fasihi simulizi yoyote. Lakini kadiri vitabu vilivyonenepa, hasa baada ya majuzuu mawili makubwa ya Guide to Glorantha ya mwaka 2014, ndivyo wasomaji walivyozidi kudai jibu moja: ramani moja, tarehe moja, ufafanuzi mmoja wa nani alimdhulumu nani kabla ya Wakati. Wamepewa kisa kuhusu watu walioangamia kwa kutaka kisasili kimoja, nao wanaomba kisasili kimoja.

Hapo ndipo mshabiki huyo na mhakiki anayemcheka wanapokutana, bila kujuana. Mmoja anataka toleo rasmi ili aamini. Mwingine anakataa kuliita kisasili lolote ambalo halina jamii moja, asili moja na toleo moja la kunukuu. Wote wawili wanaogopa kitu kimoja, nacho ni kisa chenye wenyewe wengi. Idara ambayo iliipokea fasihi simulizi na kisha ikawafunza wanafunzi wake kutafuta nakala iliyo safi kuliko zote haikuipokea, iliiteka. Mwanafunzi anayekwenda Kipini au Siyu kurekodi masimulizi, akarudi na matoleo matatu yanayopingana, asiulizwe lipi ni la kweli. Aulizwe kila toleo linamtawaza nani na linamnyima nani. Swali hilo linaulizwa na kujibiwa kila juma mezani, kwa dadu na kwa kelele, na watu ambao hawakuwahi kusajiliwa katika idara yoyote ya fasihi.