Nani anaamua jibu gani litangulie?

Jamani, leo tuongee kompyuta kidogo. Msikimbie.

Chumba cha habari tunagombana kila jioni habari ipi ikae ukurasa wa kwanza. Lakini maktaba ya gazeti ikihamishiwa kwenye kompyuta, suala la habari ipi itangulie mtu anapotafuta tunamwachia fundi peke yake. Mimi napinga.

Wengi tumezoea kanzidata za mashine moja, kama MySQL ya kawaida, ambako unapanga majibu utakavyo, siku unayotaka. Cassandra ni mnyama mwingine. Ilizaliwa Facebook kwa ajili ya kutafuta ujumbe kwenye masanduku ya watumiaji, ikatolewa kwa umma mwaka 2008. Inagawa data na nakala zake kwenye seva nyingi, ili moja ikizimika (umeme wetu mnaujua) nyingine ziendelee. Kila fungu la data lina ufunguo, na ufunguo huo unapigiwa hesabu na kugeuzwa namba ndefu inayoamua fungu likae seva zipi. Ukiomba kila kitu bila kutaja fungu, mafungu yanakuja kwa kufuata namba hizo. Michezo, halafu Mahakama, halafu Siasa. Huoni kichwa wala miguu.

Utaratibu upo ndani ya fungu tu, na unautamka unapounda jedwali: mistari ipangwe kwa tarehe, mpya kwanza. Usiposema, ya zamani inatangulia. Baadaye unaweza kuomba mpangilio huo au kinyume chake, basi. Ukibadili mawazo, unaunda jedwali jipya na kuhamisha data yote.

Tuseme fundi kafanya kila dawati kwa kila mwezi liwe fungu moja, ili mafungu yasivimbe. Ni uamuzi wa busara kabisa. Mhariri akitaka habari mpya za siasa, anazipata chapuchapu. Lakini mimi nafuatilia kesi ya ardhi ya miaka mitano, na habari zake zimetawanyika Mahakama, Siasa na Biashara. Madawati matatu mara miezi 60, hayo ni mafungu 180 ya kupekua, kisha nipange mwenyewe. Kwa mistari 20 si neno. Kwa laki mbili, unavuta mzigo wote mtandaoni ili usome kumi tu.

Hata majina yana vituko vyake. Maandishi yanapangwa kwa namba za ndani za herufi, kubwa zote kabla ya ndogo, kwa hiyo "Zuberi" anamtangulia "abdallah" aliyechapwa kwa haraka.

Dawa ipo: jedwali la pili, ambalo fungu lake ni namba ya kesi na tarehe ya zamani inaanza. Habari ileile inaandikwa mara mbili, na kwenye kanzidata za aina hii huo ndio utaratibu wa kawaida, si uchafu. Ila fundi hawezi kulibuni asipojua kwamba kuna mtu atauliza kwa namba ya kesi. Hilo swali tunalo sisi, na lazima lifike mezani kabla jedwali la kwanza halijaundwa.

Halafu kuna kazi nyingine: namba hiyo lazima mwandishi aijaze kila anapowasilisha habari, saa mbili usiku, mhariri akipiga kelele. Nyie wenzangu wa vyumba vya habari, mtaijaza?