Kanuni ya Umeme Ifuate Maana

Yako mazoea katika shule zetu ambayo hatuna budi kuyajadili. Mwalimu wa sayansi huingia darasani, huandika ubaoni kwamba ukinzani ni volti zikigawanywa kwa ampea, na nguvu ni volti zikizidishwa kwa ampea. Kisha hutoa hesabu kumi. Watoto huzipata zote. Lakini wakiulizwa volti ni kitu gani, hunyamaza. Hiyo si sayansi, bali ni hesabu ya kugawanya na kuzidisha iliyovikwa vazi la umeme.

Maoni yetu ni kwamba kanuni ifuate maana, isiitangulie. Mwanachuo atakayepangiwa kufundisha Mwazye, au kijiji kingine cha Ufipa, hana haja ya kutafuta mfano mbali. Mto Kalambo, mpakani mwa nchi yetu na Zambia, huanguka kutoka kimo kinachozidi mita 200. Kimo hicho ni kile kile masika na kiangazi. Kinachobadilika ni wingi wa maji. Basi kimo ni mfano wa volti, na maji yapitayo kwa kila sekunde ni mfano wa mkondo. Kimo bila maji hakina nguvu, wala maji yasiyo na kimo hayaangushi kitu. Mtoto akiisha kuling'amua hilo, atajua mwenyewe kwa nini tunazidisha wala hatujumlishi.

Hatua ya pili ni kupima. Betri mbili za tochi, kila moja ya volti 1.5, hutoa volti 3. Tuseme ampea 0.3 zinapita katika globu ya uzi. Ukinzani ni 3 ÷ 0.3, yaani omu 10. Nguvu ni 3 × 0.3, yaani wati 0.9. Mita ya ampea iungwe katika njia ya mkondo. Ile ya volti ishike ncha mbili za globu. Kisha betri moja iondolewe, na watoto wabashiri. Wengi watasema ampea 0.15. Mita itaonyesha zaidi ya hapo, kwa sababu uzi usio moto sana una ukinzani mdogo zaidi. Ndipo watakapofahamu kwamba uwiano aliouchapisha Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827 hudumu pale joto la waya lisipobadilika. Majaribio haya yafanywe kwa betri tu. Soketi ya ukutani isiguswe kamwe.

Wako watakaosema kwamba njia hii hula vipindi, na mtihani haungoji. Hoja hiyo ina uzito, lakini tupime na upande wa pili. Umeme umekwisha kuingia vijijini, kwa nyaya na kwa paneli za jua. Birika la umeme la wati 2,000 katika volti 230 huvuta karibu ampea 8.7. Mtoto anayeelewa hesabu hiyo atamkataza kaka yake kuliunga kwenye waya mwembamba wa ampea 5, au kutia kipande cha waya mahali pa fyuzi. Asiyeelewa ataitazama nyumba yao ikiungua, na daftari lake likiwa na vyema kumi.

Basi, ndugu wanachuo, mtakapoandaa somo hili, chaki na ije baada ya betri.