Neno "Baba" Si Ushahidi wa Ukoo

Kwa muda mrefu tumenyamaza, tukidhani ya kuwa jambo hili ni mzaha tu nalo litakwisha lenyewe. Halikwisha. Katika kijiji kimoja tumewasikia watu wazima, tena wenye kusoma Maandiko, wakisema hivi: "Katika Injili ya Marko mna neno Aba, nasi twasema baba, basi lugha yetu imetoka kwa Wayahudi, na sisi tu wana wao. Jirani zetu wasemao tata ni washenzi." Matunda ya maneno hayo tumeyaona darasani. Mtoto mmoja alimtaja mzazi wake kwa neno la kwao, tata. Wenzake wakamcheka, na tangu siku ile hafumbui kinywa. Ndipo tulipojua ya kuwa kunyamaza kwetu ni kosa.

Basi na tuipime hoja yao. Aba ni neno la Kiaramu, na kweli maana yake ni baba. Lakini Waturuki nao husema baba, na Wachina vivyo hivyo, na Wayoruba wa Nijeria pia. Je, hawa wote ni ukoo mmoja nasi? Wasiharakishe kuitika, kwa maana Wabulgaria nao wanalo neno baba, na kwao huyo ni bibi, mama wa mzazi. Wageorgia wa milima ya Kaukazi humwita baba yao mama, na mama yao humwita deda. Hata dukani kwa Mgujarati, ukitaja dada, yeye hufahamu babu mzaa baba.

Na hao wanaolicheka neno tata na wawakumbuke Wapolandi waliokimbia vita wakawekwa Tengeru, karibu na Arusha, tangu mwaka 1942. Katika lugha yao mtoto humwita babaye tata, sawasawa na katika Kilingala cha Kongo. Na neno baba kwao ni mwanamke mzee. Kwa hoja ya ndugu zetu, watu wa Kongo walitoka Polandi! Nani atakayekubali?

Sababu ya mambo haya iko mikononi mwa kila mama. Mtoto mchanga akifumba midomo na kuifumbua, hutoka ba, ma, pa; ulimi wake ukigusa nyuma ya meno, hutoka ta na da. Yeye hajakusudia maana yo yote. Wazazi ndio waipokeao sauti na kuipa maana, kila taifa kwa desturi yake. Mwaka 1959 Mmarekani George Murdock alitangaza maneno 1,072 ya kuwataja baba na mama, aliyoyakusanya katika lugha nyingi za dunia. Na mwaka 1960 Roman Jakobson, mzaliwa wa Moscow, akaeleza kwa nini yafanane hivi.

Hatusemi ya kuwa lugha hazina udugu. Udugu upo, ila hujulikana kwa kanuni irudiayo katika maneno mengi. Sisi twasema tatu, mti, tuma. Wazulu husema thathu, umuthi, thuma. Penye t yetu, wao huweka t yenye pumzi, mara kwa mara. Huo ndio ushahidi. Bali neno moja fupi ni shahidi mmoja, na shahidi mmoja hatoshi hata katika baraza la kijiji.

Basi mtoto yule na aseme tata bila haya. Wahenga walinena, mwacha asili ni mtumwa; nasi hatukuwakusanya watoto shuleni ili tuwafanye watumwa. Na wale wazee walionena neno lile mbele ya watoto, tunawasihi waliondoe mbele ya watoto wale wale.